Nimeacha bugali, tena sili mpaka saa 6 mchana: mbona natetemeka sokoni?

Barua

Mama Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mimi ni mama wa miaka 47, nina watoto sita na wajukuu wawili, na kazi yangu ni kuuza vitenge sokoni. Mwaka jana nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kiu isiyokwisha na kuamka usiku kila mara kwenda haja ndogo, nikapimwa na kuambiwa kwamba nina ugonjwa wa sukari. Tangu hapo ninameza kidonge cha glibenklamidi kila asubuhi, na metformini asubuhi na jioni. Niliambiwa pia kwamba nipunguze uzito: nina urefu wa mita 1 na sentimita 61, na wakati huo nilikuwa na kilo 93.

Mdogo wangu anayeishi Ubelgiji, ambaye amepungua sana na anapendeza, alinitumia kwa WhatsApp mpango anaoufuata yeye mwenyewe. Ni mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kuacha vyakula vyote vya wanga: bugali, mkate, wali, viazi, ndizi, maharagi na sukari. La pili ni kula kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku tu, ili tumbo likae saa 16 bila kazi. Ujumbe alioutuma pamoja na mpango huo unasema kwamba baada ya saa 16 mwili huanza kula magonjwa yake wenyewe, sukari ikiwa mojawapo.

Nilianza kwa moyo wote. Kilo zilishuka upesi, karibu 4, hata jirani zangu wa sokoni wakaanza kuuliza siri. Sasa mizani imesimama, wala sijaonja bugali tangu nianze. Mchana ninakula karanga za kukaanga nikiwa mezani kwangu, na jioni sombe ya majani ya muhogo yenye mawese ya kutosha pamoja na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, maana mdogo wangu alisema mafuta hayana shida mradi wanga haupo.

Linalonitia hofu ni hili. Kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi mikono huanza kutetemeka, jasho baridi hunitoka mgongoni, moyo hunidunda, na hesabu hunipotea. Siku moja nilimrudishia mteja fedha zaidi ya zile alizonipa, naye kwa uaminifu wake akanirudishia. Mwenzangu wa meza ya pili alininywesha soda, nikatulia. Mdogo wangu anasema ni mwili unaozoea, nivumilie.

Kuna mengine matatu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ndiye anayesonga bugali jioni, na tangu niache kukaa kwenye sahani ya pamoja anasema ninamdharau. Kila Ijumaa kanisani kwetu tunafunga bila chakula wala maji mpaka jioni, nami sijawahi kukosa. Na binti yangu mkubwa, anayenyonyesha mtoto wa miezi minne, anataka kufuata mpango huu pamoja nami. Nifanye nini?

Mama wa Kadutu

Jibu

Mama mpendwa,

Kabla ya kugusa bugali, kanisa au mama mkwe, naomba uniruhusu kuanza na ile saa 4 ya asubuhi, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio na hesabu kukupotea ni dalili za sukari iliyoshuka kupita kiasi katika damu, na mdogo wako, pamoja na upendo wake wote, hakuzingatia kwamba wewe unameza dawa ambayo yeye hamezi. Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini, iwe umekula au hujala, na nguvu yake inaweza kudumu karibu siku nzima. Unapoimeza alfajiri, huku jana jioni hukula wanga wowote na leo hutatia kitu kinywani mpaka saa 6 mchana, insulini hiyo inaendelea kuishusha sukari ambayo tayari ni kidogo. Leo umepoteza hesabu ya noti. Hali hiyohiyo ikikukuta unavuka barabara, au umeinama juu ya mbabula wenye makaa, mambo yatakuwa mengine.

Kwa hiyo, kuanzia kesho, kula asubuhi. Usimeze kidonge kile kisha ukakaa bila chakula, wala usikiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mayai mawili, nusu ya kiazi kitamu au kipande cha mkate, na chai isiyo na sukari vinatosha mpaka utakapomwona daktari, na umwone wiki hii, usingoje siku ya miadi yako ya kawaida. Mweleze waziwazi mambo manne: kwamba umeacha wanga, kwamba unafunga mpaka mchana, kwamba kilo zimeshuka, na kwamba unatetemeka asubuhi. Mtu anayepunguza wanga kwa kiasi ulichopunguza wewe kwa kawaida huhitaji dozi ndogo zaidi ya dawa ya aina hii, au huondolewa kabisa, na uamuzi huo ni wa daktari akiwa na vipimo mbele yake. Metformini ni tofauti: ikiwa peke yake ni nadra sana kuishusha sukari chini ya kawaida, ila inywe pamoja na chakula ili isikusumbue tumbo. Kama unameza pia dawa ya presha, hasa ile inayokufanya ukojoe sana, itaje, kwa maana mlo wa wanga kidogo hutoa maji na chumvi mwilini, na presha inaweza kuporomoka hata ukashikwa na kizunguzungu unaposimama.

Wakati ukisubiri siku hiyo, weka vijiko vitatu vya chai vya sukari katika kifuko cha nailoni, ukifunge kwenye lile fundo la kitenge unapowekea fedha, na umwonyeshe mwenzako wa meza ya pili kilipo. Dalili zikianza, koroga sukari hiyo katika maji kidogo unywe, au unywe nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, kisha ukae chini dakika 15. Ukiwa na kipimo cha kidoleni, namba iliyo chini ya 70 (kwa kipimo cha mg/dL) inathibitisha jambo lenyewe. Usipokuwa nacho, usingoje kuthibitisha. Dakika 15 zikipita bila nafuu, rudia kiasi hichohicho, na ukishatulia kula chakula kidogo, maana dawa bado imo mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Karanga na parachichi hazifai kwa kazi hii, kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia katika damu. Na wa nyumbani kwako wajue kwamba ukizimia wasikumiminie kitu kinywani, bali wakulaze ubavu na kukukimbiza hospitalini.

Sasa nije kwenye mpango wenyewe, kwa maana sitaki ufikiri kwamba nauona kuwa upuuzi. Una mantiki yake. Unapokula wanga, hugeuka kuwa sukari katika damu, na insulini huiingiza katika misuli na ini. Ini huweka akiba ya karibu gramu 100, misuli huweka zaidi ya hapo, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ukiacha wanga, au ukikaa saa nyingi bila kula, akiba hupungua, insulini hushuka, na mwili hugeukia mafuta yake. Ini huyavunja na kutengeneza ketoni, ambazo ubongo na misuli huweza kuzitumia. Njia zote mbili, kupunguza wanga na kufunga, zinafikia mahali pamoja, na ndiyo maana watu wengi huziunganisha: anayekula wanga kidogo mara nyingi husema kwamba njaa ya asubuhi haimsumbui tena. Jambo hili si geni pia. Tangu mwaka 1921 madaktari wa Marekani walikuwa wakitumia mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa watoto wenye kifafa, baada ya kuona kwamba kufunga kulipunguza mishtuko yao.

Humo utapata pia sababu ya zile kilo za mwanzo. Sehemu kubwa ya kilo 4 ulizopoteza upesi ilikuwa maji yaliyotoka pamoja na akiba ya wanga. Hilo si la kukuvunja moyo, ila linaeleza kwa nini mizani imesimama: maji yamekwisha kutoka, na sasa imebaki kazi ya polepole ya kuyapunguza mafuta yenyewe, ambayo haitendeki mwili ukiingiziwa nguvu sawa na unayoitumia. Naomba tuangalie hizo karanga na hiyo mawese. Gramu 100 za karanga, ambazo mtu anayeuza vitenge huzimaliza bila kujua huku akimkunjulia mteja kitambaa, hubeba karibu kalori 570. Kijiko kimoja cha mezani cha mawese hubeba kalori 120 hivi, na sombe iliyopikwa kwa mafuta ya kutosha haina kijiko kimoja. Ukiwa na karanga mchana, sombe inayong'aa jioni na sambaza zilizozama katika mafuta, unaweza kula zaidi ya ulivyokuwa ukila na bugali, bila chembe ya wanga kugusa ulimi wako. Yule aliyekuambia mafuta hayana shida alikosea hapo.

Utafiti nao unaelekeza upande huo. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa mwaka mzima, wengine wakila wanga kidogo, wengine mafuta kidogo: wa kwanza walipungua wastani wa kilo 6.0, wa pili kilo 5.3, tofauti isiyotosha kusema kwamba kundi moja lilishinda. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa China wa watu 139 wenye uzito mkubwa, ambao wote walipunguziwa kalori, lakini nusu yao wakaamriwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Mwaka ulipokwisha, waliobanwa saa walikuwa wamepungua kilo 8.0 na wengine kilo 6.3, na hapo pia watafiti hawakuona tofauti ya kuaminika. Ninachokisoma humo ni kwamba saa za kufunga na kuacha wanga ni vyombo vya kumsaidia mtu ale kidogo bila kuteseka. Kama vinakusaidia, vitumie. Kama vinakutesa, hakuna siri inayokupita.

Ule ujumbe wa mwili kula magonjwa yake umetolewa katika jambo la kweli na kuvutwa kupita mpaka wake. Seli zina namna ya kuvunja na kutumia tena sehemu zake zilizochakaa, na Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuifafanua kazi hiyo, akianzia na chembe za hamira. Hakuna mahali alipoonyesha kwamba binadamu akifunga saa 16 kisukari chake kinaliwa. Nakusihi usiutume ujumbe huo kwa mwenzako mwingine mwenye sukari.

Kuna hata hivyo habari njema ambayo sijui kama uliwahi kuambiwa, nayo ina uzito zaidi ya ujumbe huo. Uingereza, mwaka 2017, madaktari walitoa matokeo ya watu waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka 6, wasiotumia insulini, ambao waliwekwa kwenye mlo wa kalori chache sana kwa miezi kadhaa na kufuatiliwa kwa karibu. Baada ya mwaka, asilimia 46 kati yao sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa yoyote ya sukari, na kwa waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Naomba uangalie mambo mawili katika habari hiyo. Mlo wenyewe haukuwa wa kukata wanga. Kilichofanya kazi ni uzito ulioshuka. Na siku ya kwanza kabisa madaktari waliwasimamishia wagonjwa dawa zao za sukari na za presha, kwa sababu walijua kwamba dawa zilezile zikikutana na chakula kidogo zingewaangusha. Wewe umefanya nusu ya kwanza peke yako, na nusu ya pili, ile ya daktari, imekosekana. Ugonjwa wako ni wa mwaka mmoja tu, uko katika wakati ambapo kupungua kunaweza kukufaa sana, na hiyo ndiyo sababu nataka uendelee kupungua, ila kwa usalama.

Kwenye sahani, basi, ningekushauri uache kukata na uanze kupunguza. Gramu 100 za unga wa muhogo hubeba zaidi ya gramu 80 za wanga na protini kidogo mno, kwa hiyo bonge la bugali ambalo mtu mzima hulimaliza jioni bila kuhesabu linaweza kufikisha gramu 130, kiasi ambacho wengi wanaozungumzia mlo wa wanga kidogo hukiweka kuwa mpaka wa siku nzima. Mdogo wako huenda anafuata ule mkali zaidi, wa gramu 20 hadi 50 kwa siku, ambao kwa mtu mwenye dawa kama zako hauanzishwi bila daktari. Chukua bugali wa ukubwa wa ngumi yako, mara moja kwa siku, na uule mchana. Unga wa mahindi haubadilishi hesabu hiyo sana. Sukari ya chai, soda, maji ya maracuja yaliyotiwa sukari na mandazi ya njiani vitoke kabisa, isipokuwa unapotibu mtetemeko. Hapo utapata faida kubwa kwa maumivu kidogo. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pia iache, maana ina sukari yake, na pombe juu ya tumbo tupu pamoja na glibenklamidi huongeza hatari ya sukari kushuka.

Maharagi yarudishe. Najua yamo kwenye orodha uliyotumiwa, lakini orodha hiyo iliandikwa na watu wenye nyama kila siku, na sisi tunajua kilo ya nyama inauzwaje. Maharagi yana wanga, ndiyo, ila yana nyuzi na protini, na huipandisha sukari polepole kuliko bugali. Kikombe kimoja kidogo kilichopikwa kinaweza kukaa mahali pa bugali jioni. Lengalenga, matembele, kabichi na biringanya kula kwa wingi. Sombe nayo ni chakula kizuri sana, mradi itwangwe na kuchemshwa vya kutosha kama mama zetu walivyotufundisha, ili sumu ya muhogo itoke, na mawese ipimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa. Mayai ni rafiki yako: moja lina protini gramu 6 hivi na wanga usiofika gramu 1.

Juu ya sambaza naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wa Bukavu tuna bahati ambayo tumeizoea. Samaki hawa, walioletwa ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hawana wanga, wana protini nzuri, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao hukupa kalsiamu ambayo minofu ya samaki mkubwa haina. Taabu yao ni karai la mafuta. Nunua mabichi asubuhi, uyaoshe, uyapange katika sufuria juu ya vitunguu na nyanya nyingi, utie maji kidogo, ndimu na pilipili, ufunike, na uyaache yaive kwa moto mdogo bila kukoroga ili yasivunjike. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha sufuria nzima. Ukinunua makavu, yaloweke kwanza na uonje chumvi yake, hasa kama presha yako iko juu.

Kuhusu saa za kula, naona ulianza upande usiokufaa. Umeondoa chakula cha asubuhi, wakati dawa ina nguvu na kazi ya soko inakungoja, ukabakiza mlo mkubwa wa usiku unaokwenda nao kitandani. Fanya kinyume chake: kula asubuhi saa 1, kula mchana vizuri, na umalize chakula cha jioni saa 1 usiku, kisha usile tena mpaka asubuhi. Hizo ni saa 12, nyingi ukiwa usingizini. Marekani, mwaka 2018, ulitoka utafiti mdogo wa wanaume 8 waliokuwa karibu kupata kisukari, ambao walikula chakula chao chote mapema na kumaliza kabla ya saa 9 mchana. Insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi hata bila kupungua uzito. Watu 8 ni wachache, na mama wa soko hawezi kumaliza kula saa 9, lakini angalau haupingani na ushauri wa kuuleta mlo mapema. Daktari akishabadilisha dawa, na vipimo vyako vya asubuhi vikitulia, mnaweza kuzungumza juu ya saa 13 au 14. Saa 16 usizirudie ukiwa bado kwenye glibenklamidi.

Ijumaa ya kanisani inanigusa, kwa maana najua mfungo huo kwako ni sala, na sitaki kuonekana kuuweka katika kundi moja na mpango wa WhatsApp. Lakini mwili hautofautishi nia. Siku nzima bila maji, katika joto la soko na kupanda kilima cha Kadutu kwa miguu, hukausha damu na kuzichosha figo, nazo figo za mwenye sukari zinahitaji kulindwa kuliko za wengine; na kidonge cha asubuhi nacho hakijui kwamba leo ni Ijumaa. Nenda kamwone mchungaji wako, umwambie ugonjwa wako na dawa yako. Wachungaji wengi hukubali mgonjwa afunge kwa namna nyingine: kuacha kitu akipendacho, kuongeza saa za sala, au kutoa fedha ya mlo wake kwa mwenye njaa. Ndugu zetu Waislamu pia wana ruhusa hiyo kwa mgonjwa katika Ramadhani, na hakuna anayewaona kuwa na imani pungufu. Kama mchungaji wako atakuambia umeze dawa na ubaki bila chakula ili kuonyesha imani, usimtii katika hilo.

Kwa mama mkwe, nadhani umekosa kumpa habari, naye amejaza pengo hilo kwa huzuni. Mtu aliyesonga bugali kwa ajili ya mke wa mwanawe, akaona kila jioni anakaa pembeni na sahani yake, atafikiri nini? Chagua wakati mkiwa wawili tu, ukae chini karibu naye, umwambie kwa jina la ugonjwa: “Mama, sukari imenishika, na daktari amenipimia bugali. Nisaidie.” Kisha rudi kwenye sahani ya pamoja. Mega tonge lako moja au mawili, ule polepole, na mkono wako uende zaidi kwenye lengalenga na samaki. Hilo litawezekana jioni ukiwa umeuacha bugali wa mchana siku hiyo. Mwombe yeye ndiye akupimie mawese kwa kijiko. Mama wa umri wake, akikabidhiwa ulinzi wa afya yako, mara nyingi huwa mkali kuliko muuguzi. Mume wako naye, ambaye hukumtaja hata kidogo katika barua, anapaswa kuzijua dalili za sukari kushuka na mahali kifuko kilipo.

Utakapokwenda kwa daktari, omba pia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, kama kinapatikana hospitalini mtakapokwenda, pamoja na kipimo cha figo na presha. Beba daftari dogo lenye namba zako za asubuhi na saa ulizotetemeka. Mizani pima mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Kushuka kwa nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri kwako, na zipo wiki ambazo haitashuka. Kichwa kikiuma na miguu kukaza usiku, kunywa maji zaidi na umwambie daktari, usijiongezee chumvi kabla hajakupima presha. Ukitapika, ukaumwa tumbo, ukahema kwa haraka na kiu ikakushika kupita kawaida, nenda hospitalini saa hiyohiyo.

Binti yako asikufuate. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, karibu kalori 500 juu ya mahitaji yake ya kawaida ya siku, na maji mengi. Wapo wanawake wanaonyonyesha waliolazwa hospitalini baada ya kukata wanga kwa ukali, kwa sababu ketoni zilizidi mpaka damu ikawa na asidi. Akitaka kuondoa uzito wa uzazi, aache soda na mandazi, ale maharagi, mboga, sambaza na bugali wake wa kiasi, atembee na mtoto mgongoni, na saa za kufunga aziache kabisa mpaka mtoto atakapoachishwa ziwa.

Mama Mshauri